Mwaka Niliochumbia Pikapu ya Ilula

Siku tulipomzika Mzee Kalinga, pale Ilula, kijana mmoja wa kamati aliyekuwa akipanga watu kwenye viti alinishika kiwiko akaniuliza kwa adabu, "Samahani baba, uko upande gani? Ndugu, jirani au mkwe?" Nikasimama pale na kofia yangu mkononi. Ndugu yake sikuwa, maana yeye alikuwa Mhehe wa Kilolo na Mlutheri wa kuzaliwa, mimi mjukuu wa watu waliotoka pwani wakaja kufungua duka Mbeya. Jirani sikuwa. Na mkwe, hilo ndilo gumu zaidi. Mama Neema, mjane wake, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, akaniona, akasema kwa sauti iliyokauka kwa kulia, "Huyo mweke na wakwe." Kijana akauliza, "Mkwe wa nani, bibi?" Mama akasema, "Wewe mweke tu." Basi nikaketi kwenye benchi la wakwe. Mwalimu Sanga, mume wa Neema, akasogea kunipa nafasi, akaninong'oneza, "Karibu kaka. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa." Nikajikuta nacheka msibani, na yeye akacheka, na wanawake wakatugeukia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuwaza mwaka ule. Nilikuwa kijana, nimemaliza chuo cha ufundi wa magari, nauza vipuri kwenye duka la mjomba wangu, pale Mwanjelwa, Mbeya. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Ilula, ila mtu alilazimika kupanda kilima cha nyuma ya kanisa ili apate mtandao. Neema alikuwa akisomea ualimu Mbeya. Alikuja dukani na mkanda wa gari uliokatika, ameufunga kwenye gazeti, akauweka juu ya kaunta akasema, "Baba anasema huu si wa feni. Ni wa mluzi." Mjomba akacheka, akamwambia gari halina mkanda wa mluzi. Mimi nikaupima urefu kwa mikono, nikaangalia mistari yake, nikamuuliza, "Baba yako ana gari gani?" Akaeleza: pikapu ya petroli, usukani uko kushoto, ililetwa na mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima, mzungu akaondoka, gari likauzwa. Ukikanyaga mafuta linapiga mluzi kama birika. Nikaelewa. Ilikuwa na supachaja, kile kifaa kinachokaa juu ya injini, kikizungushwa na mkanda, kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Chuoni nilikiona kwenye picha tu. Nikamwambia Neema kwamba ningependa sana kwenda kuiona injini hiyo. Alinitazama akatabasamu, maana alijua kabisa ni nani ninayetaka kumwona. Nami nilijua kwamba anajua. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Nilifika Ilula mara ya kwanza wakati wa baridi, nimevaa shati jeupe la kwenda kwa wakwe na mkanda mpya nimeushika mkononi. Barabarani palikuwa na matenga ya nyanya mpaka unakosa pa kukanyaga. Mzee Kalinga alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa mabuti ya mpira na koti la suti, na alikuwa amesimama mbele ya pikapu yake, boneti wazi, kama mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa. Nikasema, "Kamwene, baba," kama Neema alivyonifundisha. Akaitikia, "Kamwene." Kisha akaniangalia shati. "Neema anasema wewe Mswahili unajua gari." Nikasema najua kidogo. "Gari yangu inachemka mlimani Kitonga. Kushuka haina shida. Kupanda na mzigo, inachemka. Mafundi wanne wameishindwa. Wa mwisho ameniambia niitoe hii mluzi yote, nibaki na injini kama ya watu wengine." Akagonga supachaja kwa kidole, polepole. "Mimi nimeinunua kwa sababu ya hii." Nikamuuliza kwa nini asichukue ya dizeli kama wafanyabiashara wenzake wa nyanya. Akanitazama kama vile nimemuuliza kwa nini alimwoa Mama Neema na si mwanamke mwingine. Nikakunja mikono ya shati jeupe nikaingia chini ya gari, na lile shati halikuwa jeupe tena maisha yake yote.

Mambo niliyoyakuta chini na ndani ya boneti yalinisikitisha. Kuna fundi aliyeitoa themostati, akisema hiyo ni ya nchi za baridi, wakati kazi yake ni kupanga maji yazunguke lini na kwa kasi gani. Feni ilikuwa inaendeshwa na kikombe chenye mafuta mazito ndani, na mafuta yameshavuja yote, kwa hiyo injini ikikimbia feni inazubaa. Rejeta ilikuwa imejazwa maji ya mto kwa miaka, na magadi yamegandia ndani. Halafu kuna lile kava la plastiki linalozunguka feni ili hewa yote ipite kwenye rejeta isitoroke pembeni. Halikuwepo. Mzee akasema hajawahi kuliona. Kila nilipokuja tulilitafuta, nikaulizia Mbeya nzima, nikaulizia Iringa, hakuna, kwa sababu pikapu ya aina ile hapakuwa na nyingine. Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nanawa mikono, naona vifaranga wanazunguka ndani ya kitu cheusi cha mviringo, kimezuiliwa na mawe, wamewekewa pumba. Nikamwita Mama Neema. "Mama, hiki umekitoa wapi?" Akasema, "Hicho? Fundi wa kwanza alikitupa, mimi nikaona kinafaa. Kunguru hawafikii." Mzee alikuja mbio na mabuti yake, akakodoa macho, akamgeukia mkewe. "Mama Neema! Miaka mitatu nachemka Kitonga na wewe unafugia kuku?" Mama akajibu bila kupepesa, "Ungeniuliza. Umewahi kuniuliza?" Tulilisafisha kwa sabuni, na vifaranga wakahamishiwa kwenye sufuria lililotoboka.

Nilikuwa nakuja kila nilipopata ruhusa kwa mjomba, Ijumaa baada ya sala, na kurudi Jumapili. Walinilaza kwenye chumba cha stoo, chenye harufu ya vitunguu na dawa ya nyanya, mablanketi mawili na chupa ya maji ya moto ambayo Mama Neema aliiweka miguuni bila kuniuliza. Ukutani palikuwa na kalenda ya usharika. Chini ya kitanda mzee alikuwa amepanga vipuri vyote vibovu vilivyowahi kutoka kwenye gari lake, alikataa kuvitupa. Mama hakuniuliza kamwe habari za dini yangu, ila tangu siku ya kwanza, kuku akitaka kupikwa, aliniletea mwenyewe na kisu, akasema, "Mwanangu, chinja, tule wote." Mzee akinywa ulanzi wake wa mianzi, mimi nilimiminiwa togwa isiyolevya kwenye kikombe cha aina ileile, ili tugonge sawasawa. Tulikula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, tumekaa karibu na moto, na mzee akawa ananiuliza maswali ambayo mwalimu wangu wa chuo asingeyaweza. "Hewa ikishindiliwa inapata moto kwa nini? Imechoka?"

Ukuta wa stoo haukufika kwenye paa, kwa hiyo yote yaliyosemwa sebuleni niliyasikia. Jioni moja nilikuwa najifuta grisi kwa mafuta ya taa, nikamsikia Mama Neema. "Baba Neema, kijana wa watu unamlaza chini ya gari kutwa. Mambo ya binti mtaongea lini?"

"Gari ikipona."

"Na hiyo dini?"

Nikasikia kigoda kikisogezwa. "Dini ni ya wao wawili na Mungu wao. Mimi nina rejeta." Mama akaguna, kisha wote wawili wakaanza kucheka, taratibu, kama watu wanaocheka jambo lao la siku nyingi. Mimi nilikunja uso gizani kwenye harufu ya vitunguu. Nilidhani ananichelewesha kwa hila, mpaka nichoke niondoke mwenyewe. Leo ninapoandika haya nina wakwe zangu wa kweli, watu wema, na sijawahi kusikia wakicheka namna ile kwa sababu yangu.

Rejeta tulimpelekea fundi mmoja Iringa mjini, akaifungua kichwa kwa moto, akatuonyesha. Matundu mengi yalikuwa yameziba kabisa. Mzee aliitazama kama mtu anayeonyeshwa jino lake lililong'olewa. Tukamwambia atutengenezee nyingine, nene, ya safu tatu za matundu badala ya mbili, kwenye vichwa vilevile vya shaba. Kikombe cha feni nilikipata Mbeya, cha gari jingine, nikakichonga kiingie. Nikafunga na kipoza mafuta kidogo, kilichotoka kwenye gari lililopata ajali, mbele ya rejeta, ili mafuta ya injini nayo yapate upepo. Tukaweka kulanti badala ya maji ya mto. Mzee alikuwa akiionyesha kwa majirani, ile rangi yake ya kijani, anafungua kifuniko kila asubuhi injini ikiwa baridi. Tukajaribu kupanda vilima vya kwenda Kilolo. Mshale ulikaa katikati. Mzee akapiga honi njia nzima.

Alifurahi kupita kiasi. Kesho yake alipakia viazi mara mbili ya kawaida, kwa kuwa gari limepona, na kilima cha tatu klachi ikaungua. Tulikaa ukingoni mwa barabara, moshi wenye harufu ya kucha zilizoungua unatoka chini yetu. "Sasa nini?" akauliza. Nikamweleza kwamba tumeipa injini afya, lakini nguvu hiyo inapita kwenye klachi, inaingia kwenye giaboksi, inakwenda na propela, ule mhimili mrefu wa chini, mpaka kwenye difu, lile boksi la meno linalozungusha tairi za nyuma, na difu ile ilitengenezwa kwa barabara za lami tambarare, gari likimbie na watu wawili. Inachagua mwendo, haichagui nguvu. Tukibadilisha klachi peke yake, itaungua tena. Inatakiwa difu yenye meno mengine, ili propela izunguke zaidi kwa kila mzunguko wa tairi. Mwendo utapungua, kuvuta kutaongezeka. Mzee alisikiliza, mikono kwenye magoti. "Yaani tunaifundisha kutembea polepole," akasema. "Kama mimi na wewe." Klachi nzito niliifunga mwezi uliofuata. Difu ndiyo niliyoihangaikia kwa muda mrefu.

Neema alimaliza chuo, akapangiwa kufundisha Igowole. Tulionana mara chache. Akija nyumbani likizo, mimi nikija, tulikula pamoja, tukatembea mpaka barabarani na kurudi, lakini mzee angeniita, "Fundi, hebu njoo usikilize hii sauti," nami ningekwenda. Wakati wa Pasaka alinitaka tuonane Iringa mjini, si kwao. Tulikaa kwenye mgahawa karibu na soko, tukaagiza chai ya maziwa na chapati, na yeye hakuigusa yake.

"Idrisa," akasema, "nimekaa nyumbani siku tatu na wewe upo. Umeniuliza nini kuhusu Igowole?"

Nikafikiri. Nikasema nilimuuliza kama kuna baridi.

"Na baba ulimuuliza nini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi. "Sikulaumu. Siwezi kumlaumu mtu kwa kumpenda baba yangu. Lakini mimi sitabadili dini, na wewe hutabadili, na wote tumekuwa tunasubiri gari lipone ili tusizungumze hilo. Huko Igowole kuna mwalimu mwenzangu. Anaitwa Sanga. Ananiuliza mambo." Akanyoosha mkono juu ya meza akanishika vidole, na kucha zangu zilikuwa na grisi. "Baba nitamwambia mwenyewe. Niachie mimi nimwambie." Nikamwambia sawa. Nilimsindikiza mpaka stendi. Niliumia, nisiseme uongo, niliumia kwa majuma mengi, na nilikuwa nikimwona Neema kwenye kila msichana aliyesimama mbele ya kaunta. Ila kilichonishangaza ni kwamba maumivu yalikuja na sauti mbili. Moja ilikuwa ya Neema. Nyingine ilisema: sasa huna sababu tena ya kwenda Ilula.

Na hapohapo ndipo nilipoipata difu. Ilitoka kwenye gari la abiria la kampuni ileile, lililokuwa limekufa kwenye yadi moja ya Mbeya, nzima, meno yake safi. Ilikaa chini ya kaunta ya mjomba majuma mawili. Msimu wa nyanya ulikuwa umefika, na nilijua pikapu imesimama Ilula juu ya mawe, sehemu ya nyuma imefunguliwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeifungua. Mjomba aliniambia jambo la busara. "Ipeleke stendi, ipande basi. Kule kuna mafundi. Mwanaume haendi kulala nyumbani kwa msichana aliyemwacha." Nikakubali. Niliifunga kwenye gunia, nikaibeba kwa mkokoteni mpaka stendi Ijumaa asubuhi, nikamkabidhi kondakta. Akachukua kalamu ya kuandikia kwenye gunia. "Anapokea nani?" Nikaanza kueleza: mzee mrefu, atakuwa barabarani pale Ilula, amevaa mabuti ya mpira na koti la suti, atakuuliza kama mmeibeba kichwa juu, mwambie ndiyo, vinginevyo atakufokea... Kondakta alikuwa ameacha kuandika, ananitazama. Nikamwambia, "Basi. Nitapokea mwenyewe." Nikakata tiketi, nikapanda.

Mzee alinipokea kama siku zote. Hakusema neno juu ya Neema, nami sikusema, nikidhani hajaambiwa. Mama Neema aliniangalia usoni muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaenda kuchota maji ya kuoga. Tulifanya kazi Jumamosi na Jumapili, mimi chini, yeye pembeni ananipa spana kabla sijaitaja namba. Tulibadilisha pia krosi za propela, yale maungio yake, maana zilikuwa zimelegea, na beringi ya katikati. Tulizungumza mambo ya nati tu. Tulipoliwasha na kulitembeza, kumbe ile difu mpya ilikuwa imeudanganya mshale wa mwendo, unaonyesha kasi kubwa kuliko gari linavyokwenda. Mzee aliutazama kwa furaha. "Fundi! Inakimbia zaidi!" Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Siku iliyofuata tulishuka Kitonga mpaka Mbuyuni, tukapakia vitunguu, mzigo wa haki, tukageuza kurudi juu. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, yeye akiendesha alikuwa upande wa ukingo na mimi nilikuwa upande wa katikati ya barabara. Hakuweza kuona mbele ya gari linalomtangulia. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Tulikutana na lori la mbao mwanzo wa mlima, linatambaa. "Iko wazi?" akauliza. "Haiko wazi, mzee." Kona nyingine. "Iko wazi?" "Bado." Tukabaki nyuma yake mlima mzima, na kwa injini hakuna mtihani mbaya kuliko huo: mzigo mzito, mwendo wa mtembea kwa miguu, hakuna upepo, joto la bonde liko nyuma yako. Mluzi wa supachaja ulikuwa chini, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Mimi nilitazama mshale wa joto, yeye akatazama barabara, mikono miwili kwenye usukani. Nyani walikuwa wamekaa kwenye kingo za saruji wakitutazama tunavyopita. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama. Ukabaki palepale. Kila kona nilitegemea uondoke, haukuondoka. Lori la mbao ndilo lililoanza kutoa moshi, likaingia pembeni kupumzika, tukalipita, na tukatokea juu kwenye ule upepo wa baridi unaonuka miti.

Alisimamisha gari pembeni. Akashuka, akafungua boneti, kwa mazoea tu. Hakuna mvuke. Tukasimama wote wawili tukaisikiliza injini ikilia taratibu.

"Neema aliniambia Pasaka," akasema, bila kunigeukia.

Nikasema, "Samahani, mzee."

"Samahani ya nini? Ameamua yeye, na ameamua vizuri, huyo Sanga ni mtu wa watu." Akachomoa kitambaa kwenye koti, akaanza kufuta supachaja, ambayo haikuwa na vumbi. "Tangu Pasaka nilikuwa nakaa pale barabarani kila Ijumaa. Mama Neema ananicheka. Basi linakuja, linasimama, hushuki. Nikamwambia, difu ataituma kwa kondakta. Kijana mwenye akili atafanya hivyo." Akakunja kitambaa. "Ijumaa hii ukashuka."

Nilifunga boneti ili niwe na kitu cha kufanya. Nikaibana, nikaijaribu kama imekamata. Malori yakawa yanapita, moja baada ya jingine. Tukapanda, akawasha, lakini hakuingiza gia.

"Utakuja lini tena?" akauliza.

"Mzee, gari si limepona? Halihitaji kitu sasa."

Akageuka akanitazama kutoka upande wake ule wa kushoto, amekunja uso, kama siku ile aliponitazama shati.

"Kwani mimi nimekuuliza habari ya gari?"

Nikamwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Akaingiza gia, akaniuliza kama barabara iko wazi, nikatazama nyuma na mbele, nikamwambia iko wazi, tukaondoka.